Viwanja Vinne vya Mzee Mipaka

Walianza kumwita Mzee Mipaka hata kabla hajaota mvi. Alikuwa mpima ardhi, na hakuna kitu kilichomnyima raha kama uzio uliopinda. Akipita mahali akaona ukuta umeingia kwa jirani hata kwa upana wa kiganja, alisimama, akaukunjia uso, na kama mwenye nyumba hakutoka nje, alikohoa mpaka atoke.

Alipostaafu, wenzake ofisini walimuaga kwa hotuba ndefu na kompyuta ya mezani. Aliipakata njia nzima kama mtoto mchanga, akaiweka kwenye meza ya pembeni sebuleni. Haikufika jioni mkewe alikuwa ameshaifunika kitambaa cha kufuma, chenye maua.

"Mashine inahitaji hewa," alisema Mzee Mipaka.

"Na vumbi je, inalihitaji?" mkewe aliuliza, na kitambaa kikabaki.

Familia iliivamia kompyuta ile kama sisimizi waliosikia harufu ya sukari. Mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa kwaya, alijaza humo nyimbo za mazoezi, kila wimbo kwa sauti zake nne. Binti yao, fundi wa nguo aliyekuwa na nyumba yake mtaa wa pili, aliweka picha za mishono na vipimo vya wateja. Na kaka wa mkewe, mwamuzi wa mpira aliyestaafu, ambaye hata mama yake mzazi alikuwa akimwita Refa, alileta video moja tu. Ilikuwa ya fainali aliyoichezesha zamani, akatoa penalti dakika za mwisho, na nusu ya mji ikamnunia kwa miaka. Refa hakuwahi kumwonyesha mtu video ile. Ila kila ubishi ukizuka aliinua kidole na kusema, "Ushahidi upo."

Mafaili yalitupwa popote, ya huyu juu ya yule. Siku moja Mzee Mipaka alifungua alichodhani ni ramani ya bonde, akakutana na gauni la bibi harusi lililochorwa mgongo wazi.

"Hapa ni nyumbani au ni mnadani?" aliuliza.

Basi akafanya alichokijua. Alisoma, akauliza waliomtangulia kuzifahamu kompyuta, akagundua kwamba diski, yaani mahali mashine inapohifadhia vitu vyake vyote, inaweza kukatwa vipande, na kila kipande kikapewa herufi yake kama vile kinajitegemea. Alifurahi mpaka akasahau kunywa chai. Herufi C aliiachia mashine yenyewe kwa shughuli zake, akaiita barabara na huduma za jamii. D akaichukua yeye. E akampa mkewe, F binti yake, G shemeji yake. Kisha akawakusanya wote sebuleni na kuwakabidhi kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia zamani kwenye kata akiwa amesimama juu ya jiwe.

"Kila mtu ajenge kwake," alisema. "Sitaki kusikia mtu amepitisha mfereji kwa mwenzake."

Na kwa muda mambo yalikwenda vizuri kuliko hata alivyotarajia. Mwaka mmoja C ilipata ugonjwa wa virusi, kompyuta ikawa inaropoka maneno ya ajabu na kujizima yenyewe. Mzee Mipaka aliisafisha C yote, akaiwekea mfumo mpya, na alipomaliza akakuta D, E, F na G hazijaguswa hata ukucha. Nyimbo zipo, magauni yapo, penalti ipo. Tangu siku hiyo hakuambilika. Alianza kusema ana diski nne, tano ukihesabu ya barabara. Akaongeza na tahadhari ya kwake: kila mwisho wa mwezi alinakili vitu vya kila mtu na kuvilaza ndani ya D, ili kiwanja kimoja kikipata balaa, kingine kiwe na akiba. Alilala usingizi wa mtu aliyefunga milango yote.

Ugomvi ulianzia E. Kwaya ilikuwa imekua, nyimbo zikaongezeka, na kiwanja cha mkewe kikajaa mpaka mstari wake kwenye kioo ukawa mwekundu. Mama wa watu hakulalamika. Alitazama kulia na kushoto, akaona G ni tupu, akaanza kupeleka nyimbo huko kidogo kidogo, kama mtu anayeanika nguo zake kwenye kamba ya jirani asiyefua.

Refa aligundua Jumapili moja. Alikaa mbele ya mashine akiwa na hamu ya kutazama mechi yake peke yake, kama kawaida, na dakika mbili baadaye alitoka sebuleni akipuliza filimbi. Ndiyo, alikuwa bado anatembea nayo mfukoni.

Mzee Mipaka aliitisha kikao papo hapo. Alivaa miwani, akakaa kwenye kiti cha mkono, akataka kujua nani anamlalamikia nani.

"Mimi namlalamikia dada yangu," alisema Refa. "Nimefungua kiwanja changu nitazame mpira, nakuta watu wanaimba. Tena sauti ya tatu wamekosea."

"Sauti ya tatu hawakukosea," alisema dada yake. "Na kiwanja chako ni pori. Una video moja humo, imejilaza kama mbuzi katikati ya uwanja wa ndege."

"Pori langu ni langu, dada."

"Baba, mimi haya hayanihusu," alisema binti, ambaye alikuwa amepita kuchukua picha ya gauni. "Nina mteja ananisubiri."

Lakini yalimhusu, tena yalimhusu yeye kuliko wote. Baada ya kuwasikiliza, Mzee Mipaka alitoa hukumu kwamba G ikatwe na kipande apewe mwenye E. Refa alinuna, kisha akakubali kwa sharti la kuombwa radhi na sauti ya tatu. Ila kulikuwa na jambo. Kipande kinachokatwa lazima kipakane na kiwanja kinachokipokea, na kati ya E na G alikaa F, binti, ambaye hakuomba ardhi wala hakutoa.

"Kwa hiyo nihame?" aliuliza.

"Huhami. Unasogezwa kidogo kuelekea kwa mjomba wako, nafasi itokee upande wa mama yako."

"Na vitu vyangu? Baba, humo kuna vipimo vya kila mtu ninayemshonea."

"Vinasogea na wewe. Na kama kuna lolote, nakala yako ninayo kwenye D."

"D ni kwingine?"

"Ni diski nyingine kabisa, mwanangu."

Binti aliridhika. Alikuwa amekulia katika nyumba ambamo watu wazima waliokuwa wakitoleana mapanga asubuhi walikuja kunywa maji pamoja alasiri, kwa sababu baba yake alikuwa amepima na kusema. Neno lake juu ya mipaka halikuwa neno la kuulizwa mara ya pili.

Kazi ilifanyika Jumamosi asubuhi. Mzee Mipaka alianza kwa kupunguza G, ikakubali bila taabu. Kisha akaamuru F isogee. Kwenye kioo mstari mwembamba ulianza kutambaa, na chini yake onyo: usizime kompyuta. Aliketi mbele yake, mikono kwenye magoti, kama anavyokaa mtu kusubiri maji yachemke.

Lazima isemwe kwamba mashine ile ilikuwa na sauti. Tangu msimu wa mvua ilikuwa ikitoa mlio kama wa mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. Refa alisema ni panya, akatega mtego nyuma ya meza. Dada yake alisema ni uzee tu, hata yeye magoti yanalia. Mzee Mipaka mwenyewe alisema ni sauti ya kazi. Sasa diski ilikuwa inaambiwa ibebe kila kitu cha binti, picha moja baada ya nyingine, na kukihamishia hatua chache mbele, na utafunaji ukazidi. Mkewe naye, aliyekuwa anafagia, alipopita aliona vumbi linarukia mashine, akaifunika vizuri kwa kitambaa chake cha maua.

Mlio uligeuka. Ukawa tak, tak, tak, kama kijiko kinachogonga kikombe. Halafu kukawa kimya. Mstari ulikuwa umefika katikati, na hapo ukakaa. Kisha kioo kikawa cheusi, na maandishi meupe yasiyosema lolote la heri.

"Imekwisha?" aliuliza mkewe kutoka jikoni.

"Imesimama."

"Imesimama kwa kuwa imekwisha, au imesimama tu?"

Aliiwasha upya. Mashine ilijibu kwamba haioni kitu; si F, si E, hata ile barabara yenyewe haikuiona. Mzee Mipaka alijituliza. D ilikuwepo. Ndiyo maana ya akiba.

Jumatatu aliibeba kwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa makamo aliyekuwa na kibanda kati ya duka la miwani na kinyozi. Fundi alikuwa anamenya chungwa.

"Nina diski nne humu," alimweleza. "Tano, ukihesabu ya mashine. Nadhani iliyoleta matata ni ya F, labda na E. Wewe nitolee ile ya D tu, hizo nyingine tutaziangalia polepole."

Fundi alifuta mikono, akafungua ubavu wa kompyuta, akamulika tochi. Akapuliza vumbi. Akamulika tena, safari hii ameinama mpaka kichwa karibu kiingie ndani.

"Mzee, hizo nne ziko wapi?"

"D, E, F, G."

Alifungua skrubu, akachomoa kiboksi cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, akamwekea mkononi.

"Hii hapa."

"Hii ni ipi kati ya hizo?"

"Ni zote, mzee."

Mzee Mipaka alikigeuza. Upande wa pili kulikuwa na karatasi yenye namba. Alikitikisa kidogo karibu na sikio.

"Lakini C iliwahi kuugua," alisema, "na nyingine zikapona."

"Na hapo mgawo wako ulikusaidia kweli. Ule ulikuwa ugonjwa wa mafaili, ukaufungia chumba kimoja, ukakisafisha. Kugawa diski si kosa, hata mimi yangu nimeigawa. Inaleta mpangilio. Lakini leo kilichokufa ni chuma chenyewe. Chuma hakijui D wala E."

"Kwa hiyo nakala zangu..."

"Zilikuwa juu ya chuma hicho hicho."

Aliombwa akae, akakaa. Kile kiboksi alikilaza pajani, fundi akamaliza chungwa lake bila kumharakisha.

"Niliwahi kupima viwanja bondeni," alisema mwishoni. "Vimenyooka, mawe ya mipaka yamesimama kama askari. Mkubwa wangu alinisifu. Mvua zilipokuja, maji yalipanda usiku mmoja yakafunika vyote. Yule wa kiwanja cha kwanza na yule wa mwisho walikutana juu ya paa moja." Alikohoa. "Na baada ya hapo mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba mlimani ni mlimani na bondeni ni bondeni, haijalishi umekata vipande vingapi."

"Niachie," alisema fundi. "Nitajaribu kuvuta kilichobaki, nikihamishie kwenye diski nyingine. Nyingine ya kushikika. Ila sikuahidi."

Kurudi nyumbani alipita njia ndefu. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kitambaa kilichangia. Mzee Mipaka angeweza kusema ndiyo. Alisema, "Huenda kidogo, lakini diski ilikuwa inalia tangu masika na mimi ndiye niliyesema ni sauti ya kazi." Refa alipoambiwa alisonya, kisha akaenda kuutoa mtego wa panya.

Binti ndiye aliyemtia baridi. Alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Ulisema ni diski nyingine kabisa."

"Nilisema."

"Kabisa, baba."

Akageuka akaenda zake. Mzee Mipaka angeona afadhali angemfokea.

Fundi alipowaita walikwenda wote wanne. Alikuwa ameokoa vingi kuliko alivyotegemea, ila si sawasawa. Ramani za D zilipatikana nyingi. Nyimbo za E zilipatikana zikiwa na matundu. Kulikuwa na mmoja ulioruka kutoka ubeti wa kwanza hadi ule wa mwisho bila hata kuvuta pumzi, na mkewe, baada ya kuusikiliza mara mbili, alisema hivyo ni bora, ule wa katikati ulikuwa unawachosha watu. F ilikuwa imekutwa njiani, mguu mmoja kwa mjomba mwingine kwa mama, na ndiyo iliyoumia. Picha zilirudi bila majina. Vipimo havikurudi.

G ilirudi nzima.

"Hii video ni kubwa," alisema fundi. "Ngoja niichezeshe, nihakikishe haina kasoro." Na kabla Refa hajasema kitu, fainali ilikuwa kwenye kioo kikubwa cha kibandani. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri walisogea. Kinyozi alisogea na mashine yake mkononi, na aliyekuwa ananyolewa akamfuata nusu kichwa.

"Peleka mbele," alisema dada yake. "Kwenye penalti."

Mshambuliaji aliingia eneo la hatari mbio. Akajikwaa kwa miguu yake mwenyewe, akaanguka. Beki aliyekuwa karibu naye kuliko wote alikuwa hatua kadhaa nyuma, ameinama, anafunga kamba za kiatu. Filimbi ikalia. Refa, kijana, mwembamba, akaonyesha kidole mahali pa penalti kwa uhakika wa nabii.

Kinyozi alizima mashine yake.

"Huyu refa alikuwa anatazama wapi?" aliuliza yule wa nusu kichwa, bila nia mbaya.

"Jua lilikuwa usoni," alisema Refa.

"Hapo mvua inanyesha, kaka," alisema dada yake.

Refa aliitazama mvua. Kisha akamvuta Mzee Mipaka kando na kumnong'oneza, "Shemeji, katika vyote vilivyopotea, hii ndiyo iliyokosa bahati ya kupotea?"

Walirudi na diski za kushikika, kila mmoja na yake, viboksi vidogo vya kuchomeka na kuchomoa. Fundi aliwapa sharti moja: kila kitu kiwe kwenye viboksi viwili, na viwili hivyo visilale nyumba moja. Kwa hiyo nyimbo zikawa na pacha kwa binti, magauni yakawa na pacha kwa wazazi, ramani zikaenda nyumbani kwa Refa. Refa alisema video yake haihitaji pacha. Dada yake alifuma mifuko midogo ya viboksi vyote. Mzee Mipaka aliitazama ile mifuko akakosa hata pa kukohoa. Hapakuwa na mpaka wa kusogeza tena, wala mashtaka. Mtu akijaza chake, alinunua kingine. Ile diski mpya ya kompyuta aliigawa sehemu mbili tu, moja ya mashine, moja yake, kwa ajili ya mpangilio, na alipomaliza alibaki ameduwaa kama mtu aliyetoka kufunga duka.

Kilichobaki ni vipimo vya wateja. Mzee Mipaka alikwenda kwa binti yake asubuhi moja, akasimama uani mpaka mashine ya kushonea ikanyamaza.

"Kupima ni kitu ninachokijua," alisema. "Nichukue nikusaidie."

"Baba, hawa ni wanawake. Utawapimaje?"

"Wewe upime. Mimi nitakaa nje niandike."

Binti aliingia ndani kuchukua utepe.

Wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Yeye alikaa kibarazani, mgongo umeelekea mlango, kalamu mkononi. Binti ndani anataja, baba nje anarudia kwa sauti ya kata. Na hakukubali kipimo cha mara moja. Ilikuwa lazima kila kitu kipimwe mara mbili, kwenda na kurudi, kama shamba, na vikipishana alisimamisha kazi. Kwa yule mama mwenye duka la vyombo, mwanamke mnene, mcheshi, kazi ilisimama kabisa.

"Kiuno cha kwanza na cha pili havilingani," alisema Mzee Mipaka.

"Ni kiuno kile kile, baba," alijibu binti kutoka ndani.

"Havilingani. Kuna mtu amesogeza mpaka."

Ndani kukawa na minong'ono. Kisha sauti ya mwenye duka ikasikika. "Huyo baba yako ananiona mimi ni kiwanja?"

"Hapana, mama," alisema Mzee Mipaka akiendelea kutazama barabara. "Kiwanja hakibani pumzi. Achia tumbo, tupime mara ya tatu."

Mwenye duka akacheka, na katikati ya kicheko chake Mzee Mipaka akasikia kingine alichokijua tangu kikiwa kidogo, kicheko cha binti yake, ambacho hakikuwa kimefika masikioni mwake tangu ile Jumamosi. Alijifanya anatafuta kofia ya kalamu.

Vipimo vya tatu vilisomwa, akaviandika. Binti alitoka akikunja utepe, akautia mkononi mwa baba yake aubebe yeye.

"Twende mtaa wa juu," alisema. "Lakini jiandae. Wa huko wote wanabana."